Jenerali wa Kwenye Katoni

Maplewood, 9 Januari 2024

Kwako mke wangu mdogo Maombi,

Mimi mumeo wa kwanza, babu yako Kalume, nakusalimu. Huku wote wazima isipokuwa goti langu la kushoto. Hilo nadhani halikupanda ndege, lilibaki Fizi kule Kongo, nikapewa la mtu mwingine. Nasikia huko Duluth baridi inavunja meno. Pole. Ungekubali kuolewa na mimi ungekaa hapa kwenye joto, lakini ukasema unataka yunivasiti. Haya, tafuna barafu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Nikiongea, mama yako anasikia akiwa jikoni, jirani anasikia akiwa kwake. Wanasema napiga kelele. Sauti yangu Mungu aliitengeneza ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, leo nimewekwa kwenye nyumba ya mbao, nifanyeje?

Sasa sikia. Fanesi, ile mashine ya kupasha nyumba joto, imeugua, inakohoa kama padri. Fundi akaja, akateremka besimenti chini ya nyumba, akapanda tena akasema hawezi kuifikia. Mbele yake kuna makatoni manne. Ya nani? Ya kwako. Mambo yote ya shule, tangu tulipofika nchi hii ukiwa darasa la pili mpaka ulipomaliza haiskuli. Makaye ya kuandikia, michoro, mitihani, mpaka orodha ya chakula cha mchana. Mama yako Vestine akasema, "Baba, Jumatano ikifika hayo yote yanaenda kwenye pipa la karatasi." Nikamwambia, Vestine, mimi ni baba yako, nakutuma wewe, si wewe unanituma mimi. Akaniambia basi lala na fanesi wewe.

Ninyi watoto wa Amerika hamjui karatasi. Sisi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulijua. Afisa anakuja leo anataka karatasi ya juzi. Keshokutwa anakuja mwingine anataka ya mwaka juzi. Unamkumbuka Thaddée wa kanisani, mwenye kofia ya manyoya? Mke wake alifungia karanga kwenye karatasi yake ya mahojiano. Mteja akala karanga, akaondoka na karatasi. Thaddée akaendelea kukaa kambini miaka minne. Mimi zangu nilizishona ndani ya koti. Nikitembea nalia kama shamba la mahindi makavu. Mzungu wa uwanja wa ndege akauliza, huyu mzee ana nini ndani? Nikamwambia mimi siyo mzee, mimi ni ofisi.

Na unajua tarehe 22 Februari ni mahojiano yangu ya uraia, wewe ndiye uliyenijazia fomu. Unajua na kwa nini naitaka ile pasipoti. Dada yangu Vumilia bado yuko kambini, macho yanazimika, siku hizi anaona vivuli tu. Nataka nifike kabla taa haijafa kabisa, aone kaka yake bado ni mzuri. Sasa mtu ataendaje mbele ya serikali mikono mitupu? Niambie katoni gani lina maana, nichague la kubeba.

Mumeo asiye na mpinzani,
Kalume

*

Duluth, 17 Januari 2024

Babu wangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka rumeti wangu, tunayelala chumba kimoja, akauliza kama naumwa. Unisamehe Kiswahili changu kimeota kutu, huku sina wa kuongea naye.

Babu, tupa. Tupa zote. Mimi sizihitaji hata kidogo, haki ya Mungu. Kuna hesabu za darasa la tatu, nani anazitaka? Kuna bata mzinga niliyechora kwa kuzungushia penseli kwenye mkono wangu. Watoto wote wa Minnesota wana bata mzinga huyo. Mama ana haki, fanesi ni muhimu, na ninyi wawili mtaganda.

Na kuna faili moja jekundu, liko katoni la pili nadhani. Hilo usihangaike kulifungua. Panya walishaingia humo. Lina harufu. Litupe kwanza kabisa, kabla ya mengine, ukiweza leo leo.

Kwa mahojiano beba kadi yako ya kijani ya ukaazi, kitambulisho, na barua waliyokuandikia. Basi. Usibebe kitu kingine. Soma yale maswali na Mama kila jioni.

Nakupenda,
Maombi

*

Maplewood, 24 Januari 2024

Kwako mke mwenye siri,

Panya! Unamdanganya nani? Mimi nimeishi na panya miaka kumi na sita kambini, nawajua kwa majina. Panya wa Amerika hali karatasi, anakula jibini. Mwanamke akikuambia usifungue mlango huu, unafungua upi? Nikajua kumekucha, humo mna barua za mvulana. Nikasema ngoja nimjue huyu mshindani, nimwandalie fimbo.

Nikafungua faili jekundu. Bon. Nikaona nini? Nikaona KALUME. Jina langu nalijua hata likiandikwa na kuku. KALUME huku, KALUME kule, ukurasa mzima. Na juu yake picha: mwanaume ana bunduki, amesimama juu ya kiboko, masharubu mpaka masikioni. Kiboko mwenyewe anaonekana amekubali. Na pembeni mwalimu kabandika nyota ya dhahabu, kubwa kama kitumbua.

Maombi wangu! Kumbe ndicho ulichokuwa unaona haya! Ulinitungia sifa ukiwa darasa la nne, ukanificha!

Kizungu changu bado kinatambaa, nikampelekea Thaddée anisomee. Yeye si ndiye raia? Tangu apate uraia anavua kofia akiona bendera hata kwenye duka la matairi. Akasoma mstari wa kwanza, akaniangalia. Akasoma wa pili, akakohoa. Akasema, "Inasema ulikuwa jenerali." Tangu siku hiyo kanisani ananipigia saluti, "Mon général, umeshiba?" Wivu tu. Yeye nani amewahi kumwandika?

Kwa hiyo nimeshachagua. Hayo makatoni mengine tutaona, lakini faili jekundu naenda nalo kwa afisa. Akiniuliza Kalume ni nani, sisemi neno, nampa karatasi. Imeandikwa Kizungu, na mwalimu wa Amerika ametia nyota. Nani atabishana na mwalimu?

Mumeo, jenerali,
Kalume

*

Duluth, 31 Januari 2024

Babu,

Hapana! Hapana, hapana, hapana! Ningeweza ningekuja kwa basi leo, lakini nina mitihani wiki nzima. Kaa chini usome hii pole pole. Mama akiwepo aende jikoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili yaliyomo kwenye ile karatasi. Kichwa chake ni "Shujaa Wangu." Halafu inasema hivi:

"Babu yangu Kalume alikuwa jenerali vitani Kongo. Alikuwa na askari mia tatu. Alipiga risasi mpaka bunduki yake ikaomba maji ya kunywa. Maadui walimwogopa sana. Siku moja alivuka mto amesimama juu ya kiboko, na alipofika ng'ambo alikamata kijiji kizima kabla ya chai. Leo anaishi nasi Maplewood na anapenda ugali."

Unaikumbuka, Babu? Ulinisimulia wewe, kwenye kochi la kijani, mimi nimekaa kwenye goti lako, lile zima. Nilikuuliza ulifanya nini vitani. Mimi nikaandika vile vile ulivyosema. Nilikuamini mpaka nina miaka kumi na tano!

Sasa kumbuka siku tuliyojaza fomu. Nilikuuliza: umewahi kuwa askari? Umewahi kushika silaha? Umewahi kuwa kwenye kundi lolote lenye silaha? Ukasema hapana, nikaweka hapana kwa mkono wangu, wewe ukatia sahihi. Afisa atakuuliza hayo hayo umeinua mkono umeapa. Halafu wewe umpe karatasi ya jenerali mwenye askari mia tatu? Na kijiji alichokikamata? Wataona umeficha. Utakosa uraia, Babu. Utakosa pasipoti, na bibi Vumilia hatakuona. Wanaweza hata kuanza kuuliza kuhusu sisi wote.

Ndiyo maana nilisema litupe. Niliona aibu kukuambia, nisikuvunjie heshima.

Na sasa lazima nikuulize, usinikasirikie. Ile hapana niliyoandika, ni kweli hapana? Au kuna kitu ulikificha? Babu, mimi sitakuhukumu. Lakini niambie.

Maombi wako

*

Maplewood, 9 Februari 2024

Maombi mwanangu,

Umemwandikia nini baba yangu? Barua yako imefika wiki hii, akaisomea chooni, akatoka kama mtu aliyenyolewa kwa chupa. Hasimulii. Jana tumekula kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusikia habari ya kiboko wala habari ya Thaddée. Nilifikiri masikio yangu yameziba.

Wazee ninaowahudumia kazini wakinyamaza hivi tunaita nesi. Nimempima presha, iko sawa kuliko ya kwangu.

Ameyahamisha makatoni mwenyewe, moja moja, na hilo goti lake. Fanesi imetengenezwa, asante Mungu. Lakini hakuyapeleka pipani, yako chumbani kwake, amepanga ukuta. Faili jekundu analala nalo chini ya mto. Nikiuliza anasema, "Mambo yangu na mke wangu, wewe mkwe hayakuhusu." Mimi mkwe! Mtoto niliyemzaa ndiye aliyenifanya mkwe.

Mahojiano ni baada ya wiki mbili na maswali hataki kusoma. Mwandikie, umtoe alipo.

Mama yako,
Vestine

*

Maplewood, 12 Februari 2024

Maombi,

Leo sikuiti mke. Leo nakuita mjukuu, kwa sababu naenda kukuambia kitu ambacho mtu anaweza kumwambia mjukuu tu. Kwa mtoto kuna mwiko, kwa mkwe kuna mwiko, mjukuu hana mwiko. Mama yako usimwambie.

Ile hapana ni hapana. Bunduki niliyowahi kuishika ni ile ya maji, ya mtoto wa jirani, na alinipiga yeye.

Sasa nilifanya nini vitani. Nilikimbia. Tulikimbia wote, kijiji kizima. Bibi yako Générose, Mungu amlaze pema, amebeba mahindi. Mama yako alikuwa msichana, yuko mbele na sufuria kichwani. Na nyuma kabisa mama mkwe wangu, mama yake Générose, mguu umevimba kama mgomba. Milio inasikika upande wa pili wa kilima. Yule mama akakaa chini njiani, akasema niacheni, nendeni.

Wewe umekulia hapa, hujui mama mkwe ni nini kwetu. Mama mkwe humwangalii usoni. Humpi mkono. Hamli chombo kimoja. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Miaka yote niliyomwoa Générose nilikuwa naujua mgongo wa mama yake tu.

Générose akaniangalia. Mwanamke akikuangalia hivyo hata ungekuwa jiwe unasimama.

Nikavua koti, nikajifunika kichwa chote nisimwone. Yeye akajifunika kitenge asinione. Nikachuchumaa, akapanda mgongoni. Haya, twende. Twende wapi? Mimi sioni njia! Nikapiga hatua tano nikagonga mti. Hapo yule mama akafungua jicho moja, nadhani, mimi sikuona, akaanza kuamuru. Kushoto! Kulia! Inama, tawi! Simama! Lala chini! Kimbia wewe, kimbia! Mwanamke ambaye hakuwahi kuniambia hata karibu, siku zile aliniambia maneno yote aliyokuwa ameyatunza tangu harusi. Nilipojikwaa alinipiga kofi la kisogo. Nilipopumua sana akasema Générose aliwahi kuposwa na mwanaume mwenye mapafu.

Jenerali alikuwepo, Maombi. Ila alikuwa mgongoni.

Mama yako alikatazwa kugeuka nyuma, na mpaka leo sijui kama aligeuka. Tulipofika mji wa Baraka, kabla watu hawajatuona, akashuka, akaenda njia yake na mimi yangu, kama hatujawahi kukutana. Kambini tuliishi jirani miaka tisa. Akiniona anaingia kwenye majani kama kawaida. Hakuniambia asante mpaka anakufa. Angesemaje asante? Asante ingekuwa ushahidi.

Sasa wewe mtoto unakuja kukaa kwenye goti langu unaniuliza, Babu ulifanya nini vitani? Nikuambie nilikuwa punda wa mama mkwe? Nikakupa jenerali. Nilikupa na kiboko, sikukunyima kitu.

Nimekaa na ile karatasi usiku kucha. Kuichoma nashindwa. Ndiyo pekee duniani niliyoandikwa vizuri.

Babu yako,
Kalume

*

Duluth, 16 Februari 2024

Babu,

Nimeisomea maktaba, nimecheka nikalia kwa pamoja, mtu akaniletea maji. Halafu nimeisoma tena.

Hii ni nzuri kuliko ya jenerali. Mara mia. Hujui tu.

Sasa nisikilize kama ulivyomsikiliza mama mkwe wako. Alhamisi, faili jekundu linabaki nyumbani. Siyo chini ya koti, siyo kwenye soksi. NYUMBANI. Ukiulizwa umewahi kuwa askari, unasema "No." Usiongeze mkia. Usiseme "no, lakini ningetaka ningeweza." "No" na mdomo unafungwa.

Mama akuulize maswali leo. Rais wa kwanza ni yule wa kwenye noti ya dola moja.

Nakuombea,
Maombi

*

Maplewood, 29 Februari 2024

Kwako mke wangu mpenzi,

Keti. Una maji karibu? Bon.

Asubuhi ile nilivaa suti ya harusi ya Thaddée, siyo harusi aliyooa, ile aliyoalikwa. Mama yako akaniendesha mpaka Minneapolis, theluji inaanguka, ananiuliza maswali ya serikali kila taa nyekundu. Tukafika. Yeye akaambiwa asubiri nje, mimi nikaitwa peke yangu.

Usinigombeze. Faili nililibeba. Lilikuwa chini ya koti, kwapani. Ulisema nyumbani, nami nilitaka kukutii, lakini mkono wangu ukalichukua wenyewe mlangoni. Mtu aliyekaa kambini haendi mbele ya meza ya afisa bila karatasi, ni kama kwenda bila suruali.

Afisa ni binti, labda mkubwa kwako kwa miaka kumi. Nikainua mkono nikaapa, na nilipoinua mkono ndipo kwapa likafunguka. Faili pwaa, mezani.

Akaliangalia, halafu akaniangalia mimi. Akaanza maswali, nikasema labda amesahau. Rais wa kwanza, nikajibu. Mto mrefu wa nchi hii, nikajibu. Akanisomesha sentensi, nikasoma. Akaniandikisha sentensi, nikaandika, na herufi zangu zilikuwa zimesimama wima kuliko mimi. Halafu akaja kwenye yale. Umewahi kuwa askari?

Maombi, mimi nimesema maneno mengi maishani. Hakuna lililokuwa zito kama lile. Ulimi ulitaka kutoa angalau ukoplo. Nikasema, "No."

Akasema, na hii ni nini? Akanyoosha kidole kwenye faili.

Nikaona uso wa Vumilia unazimika. Kukataa nisingeweza, nimeapa. Nikampa. Akasoma. Aliposoma mstari wa kwanza kalamu ikasimama. Akasoma mpaka mwisho, akauliza pole pole, kama mtu anayemuuliza mtoto nani amevunja sahani: wewe ulikuwa jenerali?

Kizungu changu chote kilitoroka, yakabaki maneno machache. Nikasema: "No general. Small girl, I tell story. True story: mother of my wife, she general. Me, I am car."

Akasema, "You are a car?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikasimama, nikavua koti la Thaddée, nikajifunika kichwa, nikainama, nikaanza kutembea ofisini kwa serikali ya Amerika, naita, "Left! Right! Tree!" na kujipiga kofi la kisogo. Nikagonga kabati. Niliposhusha koti, yule binti ameinamisha uso kwenye meza, mabega yanatikisika. Nikasema basi, nimemliza, nimekwisha. Kumbe anacheka. Akafuta macho, akaniuliza yule mama alifika salama? Nikasema alifika, akaishi, akanikimbia miaka tisa. Akanirudishia karatasi yako, akaandika mambo yake kwa muda mrefu, halafu akanipa karatasi yao. Mama yako aliisoma pale koridoni akakaa chini sakafuni na nguo zake za kazi. Nimepita. Kiapo ni Aprili, njoo na viatu vizuri.

Najua utasema naongeza. Muulize mama yako, alisikia ile "Left! Right!" na kishindo cha kabati mpaka nje. Tena ndani ya gari aliniambia kitu, anaangalia barabara tu: "Baba, mimi niligeuka nyuma."

Sasa makatoni. Jana ilikuwa Jumatano. Nimeyatoa mwenyewe manne yote mpaka pipani, hesabu, bata mzinga, orodha ya chakula, na faili jekundu nikaliweka juu kabisa. Nilisimama dirishani nikaangalia. Gari la taka likanyoosha mkono, likamtafuna jenerali na askari wake mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyefyatua risasi. Nilidhani nitaumia. Niliona njaa tu.

Lakini yule mama hajaandikwa popote, Maombi. Hana picha, hana nyota, kaburi lake lina kijiti. Wewe una yunivasiti na huna mwiko naye. Muandike, kama nilivyokuambia, usipambe, umtaje na kofi lake. Nikifika kwa Vumilia nataka nimsomee.

Mimi usinipe kalamu. Nikiandika mimi nitaweka simba.

Mumeo, raia mtarajiwa,
Kalume